Kimya Katikati ya Mkoromo

Mke wangu alinirekodi kwa simu usiku mmoja wa Februari 2024, akakaa na ile rekodi siku tatu bila kuniambia. Siku ya nne, nikinywa chai ya asubuhi, aliiweka simu kando ya kikombe akabonyeza. Mwanzoni nilidhani ni jenereta. Mkoromo mzito, unapanda kama lori la mahindi linalotafuta gia ya chini pale Salgaa, unapanda, unapanda, halafu kimya. Ndani ya kile kimya nilisikia saa yetu ya ukutani na jogoo wa jirani. Nikafungua mdomo kuuliza kama rekodi imekwisha, akainua kidole. Ikaja pumzi moja kama ya mtu anayeibuka ziwani, na mkoromo ukaanza tena.

"Sekunde 22," akasema. "Nimehesabu. Na si mara moja."

Nilicheka. Ningefanya nini? Kazini waliniita Kibonge, na makanga wapya waliniita Tajiri wakidhani gari ni langu, maana kwetu kitambi ni kama logbuku: ukikiona unajua mwenye mali. Nilikuwa na miaka 46, na 19 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye kiti cha dereva wa matatu ya abiria 14, Nakuru hadi Kisumu, kilomita 180 hivi, na kurudi. Mke wangu alikuwa amehamia chumba cha watoto tangu Krismasi. Mimi nilidhani amenikasirikia kwa jambo fulani, nikawa nasubiri alitaje.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunatoka Kisumu, tumeshapita Kericho, saa kumi na mbili jioni. Mvua imekatika, majani chai pande zote mbili, gari limejaa na abiria wamenyamaza. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nawaza kuhusu brekipedi. Kinachofuata ni konda, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umenishika bega, na tairi za kushoto zinatafuna kokoto.

"Mzee, umelala!"

"Sijalala."

"Umelala, mzee."

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja wa kiti cha nyuma yangu alitoa rozari na hakuirudisha. Niliendesha kama mwanafunzi hadi makutano ya Londiani nikaegesha, nikampigia mwenzangu aje alichukue gari. Nilisimama pale nikiwatazama wauza viazi na kabeji kando ya barabara, mahali ambapo jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia na kuua watu zaidi ya 50. Sisi madereva tulikuwa tumeizungumza ajali ile miezi mingi, kila mtu na nadharia yake ya breki. Siku hiyo sikuwa na nadharia.

Si kwamba sikuwahi kwenda hospitali. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilienda mahali fulani mjini kwa ajili ya magoti. Mhudumu alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, kikafunguka chenyewe, traa. Akafunga tena, traa. Mara ya tatu alikishikilia kwa kiganja. Ikasoma 178 kwa 110. Daktari hakuinua macho kwenye kompyuta: "Mzee, punguza mwili." Nikapewa karatasi iliyochapishwa. Asubuhi oti, mchana saladi na samaki wa salmoni, jioni brokoli. Salmoni, mimi ninayepakia samaki wa Kisumu kwenye buti kila Ijumaa! Ukiomba brokoli kwenye kibanda cha Kapsoit mama atadhani ni aina ya gari.

Kwa hiyo nilijitibu. Kuna majani ya chai ya kupunguza kitambi yanayouzwa steji, mjumbe anakuja nayo kwenye mkoba. Nilikunywa siku nne. Kilo tatu ziliondoka, na ziliondoka kupitia choo cha kituo cha mafuta huku abiria wakipiga honi ya gari langu mwenyewe. Yalikuwa majani ya kuharisha tu, na kilichopungua kilikuwa maji. Wiki iliyofuata kilo zilikuwa zimerudi zote. Magoti nayo niliyapelekea vidonge vyeupe vya bahasha, visivyo na jina, kutoka duka la dawa. Vilifanya kazi vizuri sana. Hilo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili ya kutia shaka.

Baada ya Londiani, shemeji yangu ambaye ni muuguzi alinipeleka kliniki nyingine. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko kitinda mimba wa mama yangu. Kabla sijakaa aliutazama mwili wangu, akakitazama kiti chenye mikono, akakivuta pembeni na kuniletea benchi. Hakusema kitu. Nimekwama kwenye viti vingi maishani, na huyo ndiye mtu wa kwanza kukiona kiti kabla yangu.

Alitaka kusikia ile rekodi. Aliisikiliza mara mbili, jicho kwenye saa. Kisha akasema, "Naomba kukupima uzito, ikiwa uko tayari." Kuombwa! Nilipanda mizani kwa hiari yangu: kilo 118. Urefu mita 1.72. Akanionyesha hesabu kwenye kikokotoo cha simu: unagawanya kilo kwa urefu, jibu unaligawanya tena kwa urefu uleule. Ikaja 39.9. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 unaitwa unene wa kupindukia, na 40 ndiyo daraja la juu kabisa.

"Basi nimeponea kwa nukta moja," nikasema.

Akacheka, halafu akaniambia nisiiabudu ile namba. Hesabu hiyo ilianzishwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu na nyota, wala hakuwa tabibu, na haijui kama kilo zako ni misuli ya kubeba magunia au ni mafuta, wala mafuta yako wapi. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yaliyojaza tumbo kwa ndani, yanayozunguka ini na matumbo. Kwa hiyo akachukua utepe. Alitafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, akatafuta mfupa wa nyonga, akaupitisha utepe katikati ya hivyo viwili. Mimi nikavuta tumbo ndani, kama ninavyofanya nikipita mbele ya kioo. Alingoja. Nikaendelea kulivuta. Akaendelea kungoja, utepe mkononi, anatazama dirishani.

"Pumua, mzee wangu. Mimi si askari wa trafiki."

Sentimita 124. Kwa wanaume hatari inahesabiwa kuwa kubwa kuanzia 102. Akapima na shingo, 45, nikamuuliza kama atanishonea shati. Hakujibu, aliandika. Baadaye nilielewa kwamba shingo ya mwanamume ikipita 40 na anakoroma, mtu anayejua kazi yake huanza kushuku koo. Presha alipima kwa kitambaa kipana alichokitoa kabatini, nimekaa, mgongo umeegemea, baada ya dakika tano za kunyamaza. 158 kwa 96. Bado ni mbaya, lakini si ile 178 ya kwanza. Kitambaa chembamba kwenye mkono mnene hupandisha namba. Nilikuwa nimebeba mwaka mzima hofu ambayo sehemu yake ilikuwa ya kitambaa.

Halafu akafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Alichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa miaka, mwingine wa kilo, akanipa kalamu. "Nichoree." Nilipooa nilikuwa na 74. Mwaka 2005 nilipotoka ukonda nikapata usukani, kilo zikaanza kupanda polepole kama mteremko wa Menengai. Niliacha mpira wa Jumapili, zikapanda kidogo. Baba alipofariki, kidogo. Mwaka 2018, nikiwa na 96, tajiri aliongeza safari ya alfajiri nikawa naamka saa nane usiku. Kutoka hapo mstari ulisimama wima. Kilo 22 kwa miaka sita.

Nilikitazama kile kichoro. Miaka yote nilikuwa nimejiambia ni nyama choma, na kweli nyama ilikuwepo. Lakini nyama choma nilianza kula nikiwa kijana. Kilichobadilika 2018 kilikuwa usingizi.

Daktari alieleza hivi. Mtu asiyelala vizuri, ile homoni ya njaa inayotoka tumboni, ghrelini, hupanda, na ile ya kuambia ubongo kwamba umeshiba, leptini, hushuka. Anaamka anatafuta sukari na mafuta. Hapo alinishika kabisa, maana dawa yangu ya usingizi barabarani ilikuwa soda ya nusu lita, mbili hadi tatu kwa siku, na chupa moja ina vijiko vya chai 12 hivi vya sukari. Uzito ukipanda, mafuta hukaa mpaka shingoni na kwenye ulimi, koo linakuwa jembamba, na misuli ikilegea usingizini linaziba. Pumzi inakatika, oksijeni inashuka, ubongo unakurupuka kukuamsha kidogo tu bila wewe kujua. Usiku kucha. Asubuhi kichwa kinauma, presha imepanda, na unataka soda. Inaitwa apnia ya usingizi. Kukojoa mara nne usiku, ambako nilidhani ni uzee, kulikuwa humo humo.

Alinipa fomu ya maswali manane: una uwezekano gani wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, na kadhalika, unajipa sifuri hadi tatu. Swali la nane linauliza: ukiwa ndani ya gari, limesimama dakika chache kwenye foleni. Nilijipa tatu. Jumla 17 kati ya 24. Ukizidi 10 kuna jambo.

Aliniagiza nirudi na mfuko wenye kila dawa iliyomo nyumbani. Ile bahasha nyeupe aliinusa kama mama anayenusa maziwa. Nilitumwa kwenye duka nikaulize jina, na baada ya kuzungushwa nikaambiwa: prednisoloni. Kumbe ni steroidi. Hutuliza maumivu, na ukiimeza kwa miezi huongeza njaa, sukari, presha na mafuta ya tumbo na uso. Alinivua shati akatafuta michirizi ya zambarau tumboni na nundu nyuma ya shingo. Hakukuta dalili hizo. Lakini alinikataza kuitupa siku hiyo, maana mwili ukizoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje hulegea kutengeneza yake, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha. Tulipunguza kidogo kidogo kwa wiki sita.

Damu: sukari ya miezi mitatu, yaani wastani wake, ilikuwa asilimia 6.2, ambayo bado si kisukari, ila umesimama mlangoni, kwani mstari ni 6.5. Tezi ya thairoidi ilikuwa salama, na nakiri nilisikitika, nilitaka sana iwe ndiyo yenye makosa. Ini lilikuwa na mafuta. Kipimo cha usingizi nilivaa nyumbani, kifaa kilicholetwa kutoka Nairobi: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Pumzi zilikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Zaidi ya 30 ni hali kali.

"Usibebe abiria mpaka tutibu usingizi," akasema, na ile sauti yake ya "mzee wangu" ilikuwa imeondoka.

Hapo ndipo iliuma. Gari likaenda kwa skwadi, yaani dereva wa muda, na mimi ninayeheshimika nikarudi steji kupiga debe kama miaka 20 iliyopita. "Kibonge amerudi debeni!" Vijana walifurahi wiki nzima. Kutembea kutoka gari moja hadi lingine, kupandisha mizigo, kumkimbilia abiria anayeshuka bodaboda na begi la Kisumu. Daktari alikuwa ameniambia nilenge dakika 150 za kutembea kwa wiki. Mimi nilizimaliza Jumanne.

Mashine ya kulalia niliinunua kwa mkopo wa chama chetu cha madereva, na bei yake sitaitaja kwa sababu mke wangu anaijua nusu. Inasukuma hewa kupitia barakoa ya pua, na hewa hiyo inalishikilia koo lisifunge. Usiku wa kwanza niliing'oa mara sita. Watoto waliniita Rubani. Usiku wa tano nililala saa nne, nikaamka saa kumi na moja, sijaamka katikati hata mara moja, na kichwa kilikuwa chepesi kiasi kwamba nilikaa kitandani nikikisikiliza. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi huwa hivyo.

Baada ya mwezi nikarudi kliniki kwa mbwembwe, nikapanda mizani: 119. Nilikasirika karibu niwalaumu watengeneza mizani. Daktari hakushangaa. Mashine hutibu koo, haipunguzi kilo, wengine huongezeka kidogo. Ila sasa, alisema, umepata akili ya kufanya kazi ya chakula. Kabla ya hapo ingekuwa kumwambia mtu mwenye usingizi akariri sheria za barabarani.

Mtaalamu wa lishe hakunipa karatasi. Aliniuliza nakula wapi, kibanda kwa kibanda, kutoka Nakuru hadi Ahero. Soda ziliondoka zote, hapo hakukuwa na mjadala. Chai ikabaki, sukari ikashuka kutoka vijiko vinne hadi kimoja, na wiki mbili za kwanza ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea sufuria. Managu na maharagwe kwanza, ugali baadaye, kiasi cha ngumi. Samaki wa mchuzi badala ya aliyeelea kwenye mafuta. Chapati alinibakishia moja, na kwa hiyo nitamheshimu mpaka kaburini. Nikaanzishwa metformini kwa ajili ya sukari, na kidonge cha presha.

Kilo zilishuka, si kwa kasi ya wale wa kwenye mabango. Baada ya miezi mitatu 113, baada ya sita 107, halafu zikagoma. Wiki sita mizani haikusogea na mimi sijaiba hata mandazi. Nilimwambia daktari mwili wangu una hila. Akasema ndiyo, unayo: ukipunguza uzito, mwili unapunguza matumizi yake na kuongeza njaa, unapigania kilo zako kana kwamba ni njaa ya ukame. Nikamwelewa kwa lugha yangu. Mwili ni kama tajiri wa gari: ameshazoea hesabu ya siku, na biashara ikipungua hapunguzi hesabu, anabana mafuta na kukusumbua kwa simu.

Ndipo tukazungumza juu ya sindano. Nilikuwa nimeziona zikiuzwa kwenye simu na mtu asiye na duka. Alinikataza huyo mtu, akanieleza dawa zenyewe. Semaglutidi, ya kujidunga mara moja kwa wiki, inaiga homoni ya utumbo inayotuliza njaa. Katika utafiti mkubwa watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Kichefuchefu na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Na Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeidhinisha nyingine, tirzepatidi, mahsusi kwa watu wanene wenye apnia kama yangu. Nikauliza swali la dereva: nikiacha? Akasema walioacha walirudisha kwa wastani theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka. Ni dawa ya kuendelea nayo, kama ya presha. Nikapiga hesabu ya kila mwezi nikaona ni karo ya watoto wawili. Sikuichukua. Upasuaji wa kupunguza tumbo pia alinitajia, maana siku hizi kuanzia 35 mtu anaweza kufikiriwa, na hakunisukuma.

Lakini nataka kusema hili: kuna dada mmoja tunayemjua hapa mtaani Section 58, Nakuru, anayetumia hizo sindano, na steji wanasema amechukua njia ya mkato. Hawa hawa wanaomeza vidonge vya presha kila asubuhi. Mimi nimeshikilia chapati moja mwaka mzima na ninajua njaa ile inavyoita kwa jina. Atakayepata kitu cha kuinyamazisha, na daktari akiwa kando yake, simwiti mvivu.

Leo nina kilo 104. Gawanya kwa 1.72, gawanya tena: 35.2. Kwa vitabu bado mimi ni mnene wa kupindukia na steji bado ni Kibonge. Presha ni 132 kwa 84, sukari ya miezi mitatu ni 5.7, goti la kulia linalalamika kwenye ngazi tu. Usukani nilirudishiwa baada ya wiki nane za mashine na barua ya daktari, safari za mchana pekee. Ile ya alfajiri nilimwambia tajiri atafute mwingine, na alipokataa nikahamia gari jingine. Maumivu ya mfukoni yapo. Krismasi iliniongezea kilo mbili na Januari nzima ilikuwa kuzirudisha zilikotoka.

Juzi tokeni za stima ziliisha saa tisa usiku, mashine ikanyamaza. Sikujua. Nilichosikia ni kiwiko kwenye mbavu, gizani, upande wangu wa kushoto, mahali ambapo kwa miezi mingi hakukuwa na mtu.

"Umeanza," akasema mke wangu. "Geuka ulale ubavu."

Nikageuka.